Dirisha la Innocenti: Kibao Kinasema Karne Nne, Jengo Linasema Vingine

Swali la msomaji: Nimeona picha ya dirisha dogo la nondo katika jengo la Ospedale degli Innocenti, hospitali ya watoto waliotupwa, mjini Florence, Italia. Kibao kilichopo pale kinasema hilo ndilo lililokuwa "gurudumu" la kupokelea watoto wachanga kwa karne nne, hadi 1875. Vijitabu vya watalii navyo vinasema jengo zima ni kazi ya msanifu Brunelleschi. Je, ni kweli? Na mtu akifika pale, atatofautishaje cha mwanzo na kilichoongezwa?

Jibu: Mwaka 1875 ni sahihi. Karne nne ni za taasisi, si za dirisha. "Gurudumu" ni jina lililozoeleka tu, maana kinachoonekana pale ni dirisha lenye nondo, tofauti na pipa la kuzunguka lililotumika katika miji mingi ya Ulaya. Brunelleschi naye alilianzisha jengo hilo lakini hakulimaliza. Makosa yote haya yana chanzo kimoja: watu hulitazama jengo kama kitu kilichokamilika siku moja, ilhali sura yake ya leo imekusanywa tangu 1419 hadi 2016.

Tuanze na fedha, maana ndizo zilizoamua mwendo wa ujenzi. Francesco Datini, mfanyabiashara tajiri wa mji wa Prato, alifariki 1410 na kuacha katika wasia wake florini 1,000 ili ijengwe nyumba ya watoto waliotupwa. Florence tayari ilikuwa na hospitali zilizowapokea watoto hao, San Gallo na Santa Maria della Scala, lakini humo walichanganywa na wagonjwa, mahujaji na maskini wa kila namna. Jipya katika wasia wa Datini lilikuwa nyumba ya watoto peke yao. Hata hivyo florini 1,000 zilitosha kuanzisha jambo, hazikutosha kulijenga. Mwaka 1419 mzigo ulichukuliwa na chama cha wafanyabiashara wa hariri, Arte della Seta, ambacho kilipata kiwanja kando ya kanisa la Santissima Annunziata na kuwa mlezi wa hospitali. Kuanzia hapo kasi ya kazi ilifuata mfuko wa chama, na vita vya Florence dhidi ya Milano na baadaye Lucca vilipomeza fedha za mji, mafundi walipungua. Jina la Innocenti, yaani "wasio na hatia", linatokana na watoto wa Bethlehemu waliouawa kwa amri ya Herode.

Uteuzi wa Filippo Brunelleschi haukuwa wa bahati nasibu. Alifunzwa usonara, na masonara wa Florence walikuwa wanachama wa chama hichohicho cha hariri. Chama kilimpa kazi mtu wake. Lakini mtu huyo, kuanzia 1420, alikuwa pia na kuba la kanisa kuu la mji juu ya mabega yake. Katika hesabu za hospitali anatoweka 1427, na usimamizi ukashikwa na Francesco della Luna, mwanachama wa chama aliyependa ujenzi. Hospitali ilifunguliwa 25 Januari 1445, miaka 18 baada ya Brunelleschi kuondoka.

Kilicho chake bila ubishi ni baraza ya mbele, na hapo inafaa kukaa muda mrefu kidogo. Simama uwanjani uhesabu matao yaliyo wazi juu ya nguzo: ni tisa. Mafundi wa Florence walipima kwa braccio, kipimo cha takriban sentimita 58. Nafasi kati ya nguzo na nguzo, kimo cha nguzo, na kina cha baraza kutoka nguzo hadi ukutani vyote vinakaribiana, takriban braccia 10, yaani chini kidogo ya mita 6. Kwa hiyo kila sehemu ya baraza ni mchemraba uliofunikwa kwa kuba fupi linalotua kwenye pembe nne. Ukitembea kutoka nguzo moja hadi nyingine, kisha ukapima kwa hatua zilezile kutoka nguzo hadi ukutani, idadi itakaribiana. Hesabu hiyo rahisi ndiyo inayofanya baraza itulie machoni, hata kwa asiyejua lolote kuhusu usanifu. Mapambo ni machache sana: mistari ya jiwe la kijivu juu ya lipu nyeupe, basi.

Kuna jambo huwachanganya wageni wengi. Juu ya vichwa vya nguzo zinapita nondo za chuma, na mtu hudhani jengo lilianza kupasuka likafungwa baadaye. Sivyo. Kuba husukuma nje kwa uzito wake. Upande wa ndani msukumo huo unapokewa na ukuta mzima wa hospitali, lakini upande wa uwanjani hakuna kitu isipokuwa nguzo nyembamba, ambazo hubeba vizuri uzito wa kushuka na huyumba zikisukumwa ubavuni. Chuma huifunga nguzo na ukuta ili msukumo uishie humohumo. Katika Italia ya wakati ule vyuma hivyo vilikuwa njia ya kawaida ya kujenga baraza nyepesi juu ya nguzo. Bila hivyo ungehitaji nguzo nene za matofali, na wepesi wote ungepotea.

Jiwe lenyewe la kijivu, pietra serena, ni jiwe la mchanga kutoka vilima vya karibu na Fiesole. Linachongeka vizuri, ndiyo sababu linapendwa, ila halipendi mvua. Maji yakiingia kati ya tabaka zake, uso hubanduka magamba. Ndani ya jengo hudumu, nje huliwa. Kwa hiyo usiamini macho kwa haraka: kipande chenye kingo kali kama kimetoka kwa mchongaji jana huenda kweli kiliwekwa katika matengenezo, na kipande kilicholika huenda ndicho cha zamani. Ukali wa kingo peke yake hauthibitishi umri wa jiwe.

Sasa geukia upande wa kulia wa baraza, kusini. Mnamo 1430 della Luna aliongeza sehemu upande huo, na kwenye ncha ya uso wa jengo akafanya jambo lililowaudhi wasanifu tangu karne ile ile: ule mhimili wa mlalo unaopita juu ya matao, badala ya kukoma, unakunja kona na kushuka wima hadi chini, mithili ya fremu ya mlango. Katika kanuni za kale za Warumi mhimili hubebwa, haushuki. Antonio Manetti, aliyeandika maisha ya Brunelleschi katika karne hiyohiyo, anaitaja kasoro hiyo na kuwabebesha lawama waliomfuata bwana wake. Kwa anayetaka kuona kwa macho pale mkono mmoja ulipoishia na mwingine ulipoanza, kona hiyo ni ushahidi bora kuliko maandishi yoyote. Ghorofa ya juu nayo, yenye madirisha yanayokaa sawia na katikati ya kila tao, ilipandishwa mwishoni mwa miaka ya 1430. Hiyo pia si ya Brunelleschi.

Picha inayojulikana zaidi ya jengo hili, yaani vile vichanga vilivyofungwa nguo ndani ya duara za buluu, ni ya baadaye kabisa. Brunelleschi aliacha duara tupu zenye uvungu kati ya tao na tao. Andrea della Robbia alizijaza mnamo 1487, kwa udongo uliochomwa na kupakwa rangi inayong'aa kama kioo. Kazi zake ni kumi, zile zilizo juu ya nguzo za matao tisa ya katikati. Zilizo nje ya hapo, kwenye ncha mbili za jengo, zilitengenezwa karne ya 19 baada ya uso wa jengo kurefushwa. Hakuna haja ya ngazi kuzitofautisha: hesabu kumi za katikati, nyingine ziache. Tazama pia jinsi nguo zilivyofungwa. Baadhi ya watoto wamebanwa kabisa, wengine vitambaa vimelegea na kuanza kushuka. Moja ya duara hizi ndiyo chimbuko la nembo ya chama cha madaktari wa watoto cha Marekani.

Tahadhari moja kabla hatujaingia ndani. Ng'ambo ya uwanja kuna baraza nyingine inayofanana sana na hii, na watu hupiga picha isiyo yenyewe. Ile ni ya watawa Waservi, iliyoanza kujengwa 1516 na Antonio da Sangallo Mkubwa pamoja na Baccio d'Agnolo, kwa kuiga hii makusudi ili uwanja upate ulinganifu. Haina vichanga vya della Robbia. Hapo ndipo pa kuitambulia.

Sasa dirisha. Hospitali ilipofunguliwa, mtoto aliachwa kwenye pila, beseni la jiwe lililowekwa chini ya baraza, umbo lake karibu na lile la maji ya baraka makanisani. Aliyemleta aliweka mtoto na kuondoka, na waliokuwa ndani wakamchukua. Mtoto wa kwanza aliingia 5 Februari 1445, msichana, akapewa jina la Agata Smeralda. Agata kwa sababu 5 Februari ni sikukuu ya Mtakatifu Agata. Mwaka 1660 pila iliondolewa na pahali pake pakachukuliwa na dirisha lenye nondo, lile linaloonekana leo mwisho wa kushoto ukiikabili baraza.

Kwa nini nondo? Kwa sababu pila iliyo wazi ilipokea mtoto wa umri wowote. Wazazi waliobanwa na njaa walianza kuleta hata watoto wakubwa, na hospitali ilikuwa tayari imeelemewa. Nafasi ya nondo ilipimwa ili ipite mwili wa mtoto mchanga tu. Kwa maneno mengine, dirisha ambalo wageni hulitazama kama alama ya huruma lilikuwa vilevile chujio. Mambo hayo mawili hayapingani, ila kibao kimeandika moja na kuliacha jingine. Kwa hesabu ya kawaida, dirisha lilitumika miaka 215, kutoka 1660 hadi 1875. Taasisi ilipokea watoto kwa njia ya siri miaka 430, na hizo ndizo "karne nne" za kibao.

Njia hiyo ilifungwa usiku wa 30 Juni 1875. Watoto wawili wa mwisho walipewa majina yanayosimulia tukio lenyewe: Laudata Chiusuri, ambalo ndani yake mna kufungwa kunakosifiwa, na Ultimo Lasciati, wa mwisho kati ya walioachwa. Tangu hapo mtoto alikabidhiwa ofisini, kwa mtu anayeandika na kuuliza. Siri ikaisha, taasisi ikaendelea.

Nyuma ya ukuta kazi ilikwenda hivi. Mtoto akifika, karani aliandika siku, saa, nguo alizovaa, kitu chochote alichofungiwa, na barua ikiwamo. Alibatizwa na kupewa jina kama halikuletwa. Kisha alipewa mnyonyeshaji wa ndani huku akitafutiwa wa shambani. Wanyonyeshaji wa nje walilipwa kwa mwezi, malipo yakishuka mtoto akiachishwa ziwa, na mapatano mara nyingi yalifanywa na mume wa mwanamke. Baada ya miaka michache mtoto alirudishwa mjini. Wavulana walipelekwa kwa mafundi kujifunza kazi, wasichana walifundishwa kusokota nyuzi, kufuma na kazi nyingine za nguo, na hospitali ilijaribu kuwatafutia mahari.

Palipoharibika ni hapo katikati, kati ya dirisha na shamba. Wanyonyeshaji wa ndani hawakuwahi kutosha, hivyo mwanamke mmoja alinyonyesha watoto kadhaa, na kadiri mtoto alivyosubiri ndani ndivyo nafasi yake ya kuishi ilivyopungua. Hospitali ikichelewesha malipo, wanyonyeshaji wa shambani walikataa watoto au kuwarudisha, na ndani kukafurika zaidi. Mwaka wa njaa ulivuruga pande zote mbili kwa pamoja: watoto wengi waliletwa, na wanawake wenye maziwa ya kutosha walipungua. Magonjwa nayo, kaswende ikiwamo, yalipita kutoka kwa mtoto hadi kwa mnyonyeshaji na kutoka kwake hadi kwa mtoto mwingine. Udanganyifu haukukosekana. Kuna mama aliyemweka mtoto kisha akajitokeza kuomba kazi ya kunyonyesha, akitumaini kumpata wa kwake na mshahara juu, na kuna waliokawia kutoa taarifa ya kifo ili malipo yaendelee. Wasichana walikuwa wengi kuliko wavulana katika karne ya mwanzo, na kwa kuwa kuwaoza kulihitaji mali, waliozeekea ndani waliongezeka. Vincenzo Borghini, msomi aliyeiongoza hospitali kuanzia 1552 hadi 1580, alipambana na deni hilo la mahari na chakula karibu muda wake wote, na alipofariki hesabu zilikuwa taabani.

Mpangilio wa jengo unaeleza mengi kuhusu wasichana hao. Mlango wa katikati unakuingiza kwenye ua wa wanaume, wa mraba, kanisa likiwa kushoto na bweni kulia. Upande wa kulia, nyuma ya bweni, kuna ua wa wanawake, mrefu na mwembamba, wenye nguzo nyembamba. Si uzuri tu uliotafutwa hapo: ua ule uliwawezesha wanawake kuota jua na kufanya kazi bila kuonekana. Juu kabisa kuna baraza ya paa, Verone, walipoanikia nguo. Nyumba ya vichanga mamia ilihitaji mahali pa kuanikia kama ilivyohitaji jiko, na ukiona urefu wa sehemu ile utaelewa wingi wa vitambaa. Leo ni mkahawa. Kanisa lilibadilishwa sura ndani 1786, hivyo usilitafutie karne ya 15 humo. Picha kubwa ya madhabahu yake, Mamajusi wakimwabudu Mtoto Yesu, ambayo Domenico Ghirlandaio aliimaliza 1488, sasa imo katika makumbusho ya jengo. Watoto wawili waliopiga magoti mbele wana alama za majeraha: ndio wale waliouawa kwa amri ya Herode, na mauaji yenyewe yanaonekana kwa mbali nyuma yao.

Katika makumbusho hayohayo kuna vitu ambavyo mimi ningevitanguliza mbele ya picha zote: alama za utambulisho. Ni nusu za medali, vifungo, shanga, vipande vya utepe, vingi vya karne ya 19. Medali ilikatwa vipande viwili, kimoja kikafungwa na mtoto, kingine kikabaki kwa aliyemleta. Akirudi siku moja, makali ya vipande yalipaswa kukutana. Ule ulikuwa uthibitisho wa kisheria wa mtu asiyetaka kuandika jina lake. Nusu zilizobaki kwenye kabati ni za watoto ambao hakuna aliyerudi na nusu ya pili.

Ukitaka kwenda zaidi ya jengo na kusoma madaftari yenyewe, jihadhari na mitego miwili. Kwanza, mwaka wa Florence ulianza 25 Machi, si 1 Januari, na hali hiyo iliendelea mpaka 1749. Tarehe yoyote kati ya 1 Januari na 24 Machi lazima uongeze mwaka mmoja. Agata Smeralda ameandikwa 5 Februari 1444, nasi tunasema 1445. Ndiyo maana utakuta vitabu vikitofautiana kuhusu mwaka wa kufunguliwa, na vyote vikiwa vimesoma ukurasa uleule. Pili, saa zilihesabiwa tangu jua kuzama, kutoka 1 hadi 24. Hapa msomaji wa Kiswahili ana nafuu kuliko Mzungu: mtoto aliyeandikwa kuletwa saa 2 aliletwa takriban saa mbili za usiku kama tunavyozihesabu sisi, ingawa saa 20 yao ni mchana, si usiku. Jina la ukoo halikusaidii sana, kwa sababu wengi walipewa la Innocenti, nalo na ndugu zake kama Nocentini limeenea Toscana yote.

Kuhusu hali ya sasa: mwishoni mwa miaka ya 1960 Guido Morozzi aliongoza ukarabati uliolenga kurudisha sura ya karne ya 15 kwa kuondoa vilivyoongezwa baadaye. Kwa hiyo baadhi ya "uasili" unaouona ni uamuzi wa karne ya 20 kuhusu kipi kibaki na kipi kiondoke. Mwaka 1988 ofisi ya utafiti ya UNICEF iliwekwa humo, na makumbusho yalifunguliwa upya katika sura yake ya leo mwezi Juni 2016. Kuliita kituo cha zamani cha yatima ni sawa kwa maana ya dirisha, lakini taasisi bado ipo na bado inahudumia watoto wadogo na akina mama.

Ukifika, usianzie dirishani. Anza katikati ya uwanja na matao tisa, nenda kulia kwenye kona ya della Luna, rudi ukihesabu duara kumi, kisha umalizie kushoto penye nondo. Kwa mpango huo utakuwa umepita 1419, 1430, 1487 na 1660 kwa kufuatana, na kibao utakisoma ukijua tayari kinachoacha kusema.